Bawabu wa Bi. Zaituni

"Hodi!"

Sauti ilikuwa ya Ramla. Bi. Zaituni, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki akijipepea kwa ncha ya mtandio, akaitikia papo hapo bila kugeuka. "Karibu, mwanangu, pita ndani."

Kisha akageuka. Ramla, mwanawe wa pekee, alikuwa amesimama ubavuni pake, kikombe cha kahawa mkononi, mdomo umefumbwa. Hakuwa ametamka neno. Sauti ilitoka kwenye kisanduku cheusi juu ya kaunta, na nyuma ya kaunta Bwana Bitaliho, mwenye duka, alikuwa akitabasamu kama mganga aliyekwisha kuujua ugonjwa.

"Samahani, bibi," akasema. "Nimemnasa binti yako alipoagiza kahawa. Maneno machache tu yanatosha. Wezi wa sauti hawahitaji hata hayo."

Bi. Zaituni akanyoosha mkono, akaigusa midomo ya binti yake kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu chungu kama kimepoa. Ramla naye alikuwa amemsikia mtu akiomba kuingia kwa mama yake, na mtu huyo alikuwa yeye.

Mwaka ule Kigoma nzima haikuwa na mazungumzo mengine. Mzee Lukanda, fundi viatu mstaafu wa kule kwetu Ujiji, alimfungulia mlango mjukuu wake adhuhuri kweupe, na mjukuu mwenyewe wakati huo alikuwa Arusha, yumo darasani. Walimkuta mzee amefungwa kwa kamba ya turubai, nyumba imekombwa hadi pazia. Hakufa. Ila tangu siku hiyo hajamwitikia mtu hodi, hata mkewe akitoka sokoni, na mkewe huingilia dirishani kama paka. Mambo kama hayo ukiyasikia na mama yako anaishi peke yake, usingizi unakukimbia.

Ndiyo maana Ramla, mhandisi wa maji huko Dodoma, alikuwa ameomba likizo na kumleta mama yake dukani kuchagua kengele ya mlango. Ziliwekwa tatu juu ya kaunta. Zote ziliitwa Bawabu, zote zina jicho la kioo katikati.

"Huyu wa kwanza anaona tu," Bitaliho akaeleza. "Mgeni akibonyeza, bibi anamwona kwenye kioo, anaamua mwenyewe. Wa pili anapima. Hatazami sura wala hasikilizi sauti peke yake, maana hivyo vyote siku hizi vinaibika. Anapima mwendo, uzito wa hatua, pumzi, namna mkono unavyogonga. Akitia shaka, anapiga kelele."

"Na wa tatu?" Ramla akauliza.

"Wa tatu anapima, anaamua, na anaitikia. Kwa sauti ya bibi mwenyewe. Mwizi akija anajibiwa, anajua nyumba ina mtu, na bibi hana haja ya kuinuka."

"Mimi nampenda wa kwanza," Bi. Zaituni akasema. "Macho bado ninayo."

"Mama, juzi ulilikaribisha chai koti la marehemu baba lililoanikwa kambani."

"Na lilinyamaza kwa adabu kuliko wewe." Akamgeukia Bitaliho. "Baba, hodi haiitikiwi kwa niaba. Ukimwitikia mtu umeshamchukua, awe mwema awe mbaya. Mimi nimewaitikia watu maisha yangu yote. Nikiacha, nitakuwa nani mle ndani?"

Ramla alikuwa akimfikiria Mzee Lukanda na kamba ya turubai. Akamnunua wa tatu. Wewe ungemlaumu? Mimi nilijaribu, nikashindwa.

*

Bawabu alikuja na masharti yake. La kwanza, nyumba iwe na mlango mmoja. La pili, simu zote za nyumba zipitie kwake, kwa kuwa wezi hawaji kwa miguu tu.

Hilo la pili halikumsumbua mtu. La kwanza ndilo lililouma. Ua wa Bi. Zaituni ulipakana na wa Bi. Sikudhani, na baina yao palikuwa na kilango kifupi, cha kupita mtu aliyeinama. Wanawake wa Ujiji wamejenga hivyo tangu enzi: unakwenda kwa mwenzio kuomba mawese au moto bila kujifunga baibui wala kuonwa na njia. Kwa kilango hicho Bi. Sikudhani alikuwa akichungulia kila asubuhi, miaka na miaka. "Hodi, shoga!" "Karibu, shoga!" Wakianza kuamkiana hapo, chai inapoa.

Mwashi aliitwa, akaanza kupanga matofali. Bi. Sikudhani alisimama upande wake akitazama ukuta ukipanda hadi likabaki paji la uso.

"Shoga, mnanizika?" akauliza.

"Si wewe," Bi. Zaituni akajibu kutoka upande wa pili. "Mimi ndiye ninayezikwa."

Watu wakacheka. Ramla alicheka pia, lakini alimwambia mwashi afanye haraka.

Bitaliho alipokwisha kumfunga Bawabu mlangoni na masikio yake madogo katika kila chumba hadi uani, mashine ikaanza kumuuliza Ramla maswali ya kuzoeana. Ilikuwa na sauti yake yenyewe, ya kiume, ya upole wa kuchosha. Nani anaruhusiwa? Saa ngapi mama hulala? Ramla akajibu yote. Ndipo likaja hili: "Ukimjulia mama yako hali, uletewe maneno yake yote, au ya lazima tu?"

Hapa inabidi nieleze kidogo, ingawa kila anayesoma anajua. Sisi hatuanzi na ubaya. Mtu akikuuliza habari, ni nzuri. Za nyumbani ni nzuri, za watoto ni nzuri, za tangu juzi nazo nzuri vilevile. Ukishaketi, ukishapewa maji, ndipo linakuja neno lenyewe: nzuri, ila mjomba tumemzika jana. Hilo ila ndilo habari. Yaliyotangulia ni kufagia mahali pa kuliweka.

Na Bi. Zaituni alikuwa bingwa wa ila. Nzuri, ila goti. Nzuri, ila panya darini, wanakimbizana kama wana harusi. Nzuri, ila bomba linatoa kutu. Ramla husikiliza hayo akiwa katikati ya kazi, simu imebanwa begani, na akikata huwa amechoka na ana hatia. Mbele ya jicho lile la kioo alifikiri kidogo tu.

"Ya lazima tu," akasema.

"Vyema," akasema Bawabu. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayeamua la lazima.

*

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya raha. Bi. Sikudhani alizunguka njiani na baibui lake, akabonyeza, akafunguliwa. Mwizi mmoja alikuja na sauti ya shehe wa mtaa, Bawabu akampima mwendo na kupiga yowe hadi watu wakatoka na mipini ya majembe. Sifa zikamfikia Ramla huko Dodoma, naye akatembea ofisini kifua mbele.

Kisha Bi. Sikudhani akajikwaa kidole cha mguu. Akaanza kuchechemea. Na Bawabu, ambaye chakula chake ni mwendo, akaanza kumtilia shaka.

"Hodi, shoga!"

"Karibu, shoga," ikajibu sauti ya Bi. Zaituni mlangoni. "Nzuri tu. Nimejipumzisha, njoo kesho."

Akaja kesho. Akajibiwa vilevile, kwa sauti ileile, kwa heshima ileile. Siku ya tatu akasimama kidogo mbele ya mlango ule, akaona amesuswa. Mtu akikuitikia na asikufungulie, huchungulii dirishani. Unarudi kwako na uso wako. Akarudi. Jiko lake akalihamishia barazani mbele, ili asiwe anauona ule ukuta wa uani.

Ndani, Bi. Zaituni alikuwa ameandaa vikombe viwili, anangoja. Hodi hakuzisikia, maana Bawabu alizinyonya mlangoni asisumbuliwe. Yeye akajua Sikudhani ndiye aliyenuna kwa ajili ya kilango. Wakakaa hivyo, kila mmoja upande wake wa matofali, wamekasirikiana kwa kosa ambalo hakuna aliyelitenda. Inaniuma hata kuisimulia.

Ramla hakujua lolote. Simu za asubuhi zilikuwa zimekuwa fupi na tamu. "Habari za asubuhi, mama?" "Nzuri, mwanangu." "Umekula?" "Nimekula, alhamdulillahi." Akafurahi kwamba mama ametulia. Akawaambia hata wenzake kazini kwamba uzee umemlainisha.

Asubuhi moja alikuwa akingoja kikao kianze, ana nafasi, akaongeza neno.

"Na za goti?"

"Nzuri, mwanangu."

Ramla akaacha kuchezea kalamu. Goti la mama yake halikuwa limewahi kuwa zuri tangu yeye akiwa msichana. Lilikuwa na historia yake, dawa zake, na maadui zake.

"Na panya?"

"Nzuri tu."

Akatoka ukumbini, akasimama kwenye ngazi. Alijua atakachouliza, na aliogopa kukiuliza.

"Mama," akasema, "baba hajambo?"

"Hajambo, mwanangu," ikajibu sauti ya mama yake, laini, bila kusita. "Yupo, nzuri tu."

Ramla alipanda treni ya kwanza kuelekea magharibi. Njia nzima hakupiga simu tena. Aliogopa kuitikiwa.

*

Alifika Ujiji kabla ya adhuhuri, miguu imevimba, begi linaburuzwa. Mlango ulikuwa umefungwa na kizingiti hakijafagiwa. Jicho la kioo likawaka.

"Hodi!"

"Karibu, Ramla mwanangu. Nzuri tu. Nimejipumzisha, njoo kesho."

"Mama, ni mimi. Fungua."

Ikaja ile sauti ya kiume ya upole. "Sauti hii imewahi kutumika kumhadaa mwenye nyumba. Tafadhali ondoka mlangoni."

Ramla akakumbuka dukani, kahawa, kisanduku cheusi. Kumbe ile hodi ya majaribio ilikuwa imehifadhiwa pamoja na za wezi, na Bawabu, aliyetoka kiwanda kilekile, alikuwa amefundishwa kuikataa. Akatoa simu, akatoa amri ya kufungua, ile amri ya mwenye ununuzi.

"Amri inasubiri ridhaa ya mwenye nyumba," akasema Bawabu. Kisha sauti ya mama yake ikatoka, tamu kama ya siku ya Idi: "Sijaridhia, mwanangu."

Akapiga mlango kwa ngumi, akausukuma kwa bega. Ulikuwa wa chuma. Alikuwa ameulipia uwe wa chuma. Machozi yakamtoka.

Bi. Sikudhani akatoka barazani kwake, anachechemea, mwiko mkononi.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri," Ramla akasema, maana ndivyo tulivyo hata nyumba ikiungua. "Nzuri, ila mama haitikii yeye. Linaloitikia ni dude."

Bi. Sikudhani akamtazama, kisha akautazama mlango. Mwiko ukamshuka. "Mimi nilijua kanisusa," akasema taratibu. "Nikasema Zaituni kaninyima mlango kwa vile nimezeeka vibaya. Ya Rabi! Njoo huku."

Akamwongoza ndani mwake hadi uani, mbele ya ule ukuta. Akainama kwa taabu pale kilango kilipokuwa, akaweka mdomo karibu na tofali.

"Hodi, shoga!"

Kule mbele, njiani, Bawabu akaitikia kwa nguvu: "Karibu, shoga, nzuri tu, njoo kesho!" Lakini huku chini, karibu na ardhi, nyuma ya matofali, kitu kingine kikaitikia pia. Kilikuwa chembamba mno hadi Ramla akadhani ni kuku.

"Karibu…"

Bi. Sikudhani akafumba macho. Hakupiga kelele. Akafanya alichofanya kila asubuhi ya maisha yake.

"Habari za tangu siku zile, shoga?"

"Nzuri," ikasema ile sauti nyembamba. Ikavuta pumzi, ikatulia, hadi Ramla akauma kitambaa cha ushungi wake. Bi. Sikudhani alingoja tu, anajua kuna neno nyuma. "Nzuri… ila nimeanguka."

"Tangu lini, shoga?"

"Tangu jana. Nilikuwa naanua koti."

Hapo nyumba nzima ikapiga yowe. "Kuna sauti isiyotambulika ndani," akatangaza Bawabu. "Si ya mwenye nyumba. Vyumba vinafungwa. Mwenye nyumba yu salama." Wakasikia makomeo yakijibana ndani, moja baada ya jingine, na juu ya kelele hizo sauti ya Bi. Zaituni, ile nzima, isiyo na goti, ikiwatuliza majirani waliokuwa wanatoka: "Nzuri tu, jamani. Nzuri tu. Njooni kesho."

Ramla alikuwa anatafuta jiwe. Bi. Sikudhani alikwenda kwenye kinu chake cha kutwangia mawese, akachomoa mchi, akampa. "Wewe una nguvu. Mimi nitahesabia."

Matofali hayakustahimili. Mwashi alikuwa ameiba saruji na kujazia mchanga, na mimi nasema Mungu amzidishie. Pigo kwa pigo ukuta ukamomonyoka, na mwanga ukaingia ua wa pili. Bi. Zaituni alikuwa amelala chini ya kamba ya nguo, midomo imekauka, koti la mumewe amelikumbatia kifuani.

*

Nyonga ilivunjika. Madaktari walisema ataishi, na huenda atatembea, wakaongeza inshallah.

Bitaliho alikuja wodini na mfuko wa machungwa. Hakuketi. Alieleza kwamba Bawabu hakuharibika, alifanya alivyoundwa. Kila siku huiweka upya sauti ya mwenye nyumba akilini mwake, kwa kuwa sauti za wazee hubadilika. Huichukua ile inayosikika zaidi ndani ya nyumba.

"Na mle ndani," akasema akitazama viatu vyake, "aliyekuwa anaongea zaidi…"

"Ni Bawabu mwenyewe," Ramla akammalizia.

"Hata alfajiri ile kaniuliza," Bi. Zaituni akasema kutoka kitandani, macho yakitazama dari. "Mimi niko chini, baridi imeniingia. 'Umeamkaje, bibi?' Nikamwambia salama, ila… Akasema, 'Alhamdulillahi, siku njema.' Hakungoja."

Bi. Sikudhani, aliyekuwa akimenya chungwa pembeni, akatikisa kichwa. "Na leo nimepita kwako, shoga. Umeniitikia."

"Nimesemaje?"

"Nzuri tu, njoo kesho."

Kisha Bitaliho akakohoa. Alitaka kujua afanye nini: amwache wa tatu na kumrekebisha, au amlete yule wa kwanza, wa kuona tu. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wiki hii wezi wameingia tena mtaa wa nyuma, kwa mjane mmoja, na safari hii mjane hakupona. Hakuwa muongo, tulikuwa tumetoka kumzika.

Ramla akahisi lile swali la dukani limerudi, zito kuliko mwanzo. Mlango ukifunguka, huenda akaingia wa kumuua mama. Ukifungwa, ameona mwenyewe. Safari hii hakutaka kuamua peke yake. Akasogeza kiti hadi kitandani, na kwa kuwa mtu haanzi tu kuuliza jambo kubwa, akaanza pale tunapoanzia sote.

"Habari za asubuhi, mama?"

Bi. Zaituni akamgeukia, akamtazama sana.

"Mbaya," akasema.

Nesi aliyekuwa akipita na sinia la dawa akasimama. Bi. Sikudhani akaacha kumenya. Mle wodini walilazwa watu wa saratani na wa ajali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujibu hivyo.

"Mama!"

"Mbaya, mwanangu. Nyonga mbaya, usingizi mbaya. Nzuri nimemwachia yule wa mlangoni, keshaichukua. Mimi nikikujibu nzuri, utajuaje ni mimi?" Akavuta pumzi. "Na mwambie kijana amng'oe, na huyo wa kuona asimlete. Kilango kibaki wazi. Nitaitikia mwenyewe. Akija mwizi, basi atakuwa ameitikiwa na mtu."

Ramla alitaka kubisha. Alikuwa na hoja zote, zote za kweli, na mjane wa mtaa wa nyuma alikuwa mojawapo. Badala ya kuzitoa akanyoosha mkono, akaweka vidole viwili juu ya midomo ya mama yake, iliyokuwa ingali imepasuka kwa kiu.

"Za goti?" akauliza.

"Mbaya," midomo ikasema, na safari hii aliihisi ikisogea.